Vichezeo na komiki za utotoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakusanyaji

Maswali haya hurudi kila anapojitokeza mtu mwenye boksi kuukuu mkononi, au mwenye kumbukumbu ya kitu alichokipenda akakipoteza. Majibu yamemlenga anayekusanya kwa mapenzi. Anayetafuta biashara atapata mawili matatu ya kumfaa, ila sikumwandikia yeye.

Mtu mzima kukusanya vichezeo, si utoto huo?

Si utoto. Anayekusanya stempu au sarafu haulizwi swali hilo, wala anayetunza barua za babu yake. Kichezeo ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo binadamu hujifunza kuviita "changu", na kwa wengi wetu komiki ndicho kitabu cha kwanza tulichokisoma bila kulazimishwa na mwalimu. Humo tulijifunza kusubiri toleo lijalo, kuazimana na kurudisha, kubadilishana na kujuta baadaye.

Kuna na sababu nyingine. Vitu hivi havikutengenezwa vidumu. Komiki zilichapwa kwenye karatasi duni ya gazeti, zikasomwa, zikapita mikononi mwa ndugu na jirani, zikaishia kufungia vitu. Vichezeo vilivunjika vikatupwa. Vichache vilivyosalia vinahitaji mtu wa kuvitunza, na nani atavitunza kama si yule aliyevipenda?

Nianzie wapi?

Anza na kumbukumbu kabla ya pochi. Kaa chini uandike vitu unavyovikumbuka mwenyewe: gari gani, mdoli gani, komiki gani uliyoirudia mpaka jalada likachomoka. Kisha waulize wazazi, kaka, dada na binamu, maana kila mmoja anakumbuka kipande chake. Fungua albamu za picha za familia, lakini usitazame nyuso. Tazama sakafu, tazama chini ya meza, tazama kilichoshikwa na mtoto aliyesimama pembeni. Vichezeo vingi vilivyosahaulika vimetambuliwa kwa njia hiyo.

Baada ya hapo chagua eneo moja. Magari madogo ya chuma, au mfululizo mmoja wa komiki, au midoli ya miaka fulani. Anayekusanya kila kitu hujikuta na stoo, hana mkusanyiko. Vilevile epuka kununua kitu kwa sababu tu wengine wanakigombania. Kama hakikugusi leo, mwaka ujao kitakuwa kinakusanya vumbi tu.

Nakikumbuka kichezeo vizuri, ila jina silijui. Nitakipataje?

Kama unacho mkononi, kigeuze. Watengenezaji wengi huacha alama mahali pasipoonekana: chini ya gari, kwenye unyayo wa sanamu, ndani ya paja, nyuma ya shingo ya mdoli chini ya nywele, au kwenye kifuniko cha betri. Utakuta jina la kampuni, nchi, pengine na mwaka. Dubu wa kampuni ya Steiff ya Ujerumani wametambulishwa kwa kitufe cha chuma sikioni tangu 1904, na hata kitufe kikipotea, tundu lake dogo hubaki likitoa ushahidi.

Mwaka uliochongwa usiuamini haraka. Mara nyingi ni mwaka wa haki ya umbo, wala si mwaka ambao kitu kilitoka kiwandani. Mfano maarufu ni Barbie. Mdoli huyo alizinduliwa 1959, lakini maelfu ya watu wanaye Barbie mwenye "1966" mgongoni na wanadhani ni wa mwaka huo. Umbo lile la mwili liliendelea kutumika kwa miongo kadhaa, kwa hiyo mdoli wa miaka ya 1990 anaweza kubeba namba hiyohiyo. Kinachosema kweli zaidi ni uso, aina ya nywele, nguo, na nchi iliyotajwa kwenye alama.

Magari madogo yana dalili zake. Matchbox ilianza Uingereza mwaka 1953. Hot Wheels walipoingia 1968 na magurudumu yanayoteleza kwa kasi, Matchbox nao walibadilisha magurudumu yao kuanzia 1969. Gari moja linaweza kuwepo kwa sura zote mbili, na ekseli nene au nyembamba hukuambia ni la upande gani wa mwaka huo.

Kama kitu huna, tafuta katalogi za zamani za wauzaji na matangazo yaliyochapwa ndani ya komiki za miaka yako. Jitayarishe pia kusahihishwa. Kumbukumbu huunganisha vitu viwili vikawa kimoja, na gari ulilokuwa na hakika ni jekundu laweza kuwa lilikuwa la njano.

Nitajuaje komiki yangu ni ya lini?

Fungua ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada, utafute maandishi madogo sana chini kabisa. Hapo ndipo penye jina rasmi la chapisho, namba ya toleo, mchapishaji na mwezi. Jina lililo kwenye jalada linaweza kutofautiana na lile rasmi, na ukilitafuta toleo kwa jina la jalada utazunguka bure.

Mwezi wa jaladani nao si mwezi wa kuuzwa. Wachapishaji wa Marekani walizoea kuandika tarehe ya mbele ili gazeti lisionekane limechacha likiwa bado dukani. Action Comics namba 1, ambamo Superman alijitokeza kwa mara ya kwanza, imeandikwa Juni 1938 lakini ilikuwa mitaani tangu Aprili.

Jalada likiwa halipo, bado kuna njia. Tazama matangazo ya ndani, bei za vitu vinavyotangazwa, filamu zinazotajwa. Jalada likiwepo bila tarehe, tafuta muhuri wa Comics Code Authority: mfumo huo wa kujidhibiti ulianzishwa na wachapishaji wa Marekani mwaka 1954, na kampuni ya uchapishaji ya Marvel iliuacha 2001. Msimbo wa mistari kwa ajili ya mashine za dukani ulianza kuonekana kwenye komiki za Marekani katikati ya miaka ya 1970. Ukiukuta kwenye komiki inayodaiwa kuwa ya 1962, unashika nakala iliyochapwa upya.

Je, nilivyonavyo vina thamani ya fedha?

Kwa uwezekano mkubwa, havina nyingi. Nasema hivi mapema ili ufurahie ulichonacho bila kusubiri utajiri.

Umri peke yake hauongezi bei. Kinachoongeza ni vitu vitatu vikikutana: vichache vilivyosalia, wengi wanaovitaka, na hali nzuri. Action Comics namba 1 imewahi kuuzwa kwa mamilioni ya dola kwa sababu hakuna aliyejua kuwa inafaa kutunzwa. Iliuzwa kwa senti 10, watoto wakaisoma ikachanika, kisha Vita Kuu ya Pili ikaja na kampeni za kukusanya karatasi chakavu, na komiki nyingi za miaka hiyo zikaishia huko.

Linganisha na X-Men namba 1 ya mwaka 1991. Hiyo ilitolewa na majalada kadhaa tofauti, ikauzwa nakala zaidi ya milioni nane, na wanunuzi wengi waliziweka kabatini bila kuzigusa wakiamini zitawasomesha watoto wao. Leo nakala safi zipo tele, na ni miongoni mwa komiki rahisi kupata. Kitu ambacho kila mtu anakihifadhi hakiwezi kuadimika. Hilo linahusu pia vichezeo vyote vinavyouzwa vikiwa na maneno "toleo la wakusanyaji" kwenye boksi.

Wakati mwingine thamani hukaa mahali pasipotarajiwa. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilipotoka 1977, kampuni ya vichezeo ya Kenner ilishindwa kumaliza kutengeneza sanamu zake kabla ya Krismasi. Ikauza bahasha ya kadibodi yenye cheti, na mtoto akasubiri sanamu zake nne ziletwe kwa posta mwaka uliofuata. Kadibodi ile iliyokuwa badala tu ya kichezeo sasa inatafutwa na watu wazima kwa bidii kubwa.

Niliandika jina langu kwa kalamu kwenye komiki zangu. Nifute?

Usifute.

Najua soko linasemaje. Jina lililoandikwa kwa wino jaladani hushusha daraja, na chemshabongo iliyojazwa au kuponi iliyokatwa hushusha zaidi. Kama unataka kuuza, mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Lakini tazama ukurasa wenyewe. Mwandiko wa mtoto wa darasa la pili, herufi moja imegeuka, jina la ukoo halikutosha likapindishwa ukingoni, na chini yake neno "ISIIBWE". Hakuna nakala nyingine duniani yenye ukurasa huo. Ukimpa mtu dawa ya kufutia wino, atachubua karatasi na kuacha doa jeupe, na utakuwa umepoteza vyote viwili, usafi na kumbukumbu. Kwangu mimi nakala iliyojazwa chemshabongo na mtoto ina uhai ambao ile iliyofungiwa tangu kiwandani haina. Mkusanyaji anayeona haya kwa ajili ya alama hizo anakusanya vitu vya mtu mwingine.

Hali ni hiyohiyo kwa gari lililochubuka rangi kwenye kona za mbele. Angalia mahali rangi ilipotoka: ni pale kidole gumba kilipokuwa kikisukuma, na pale lilipokuwa likigonga ukuta. Usilipake upya. Rangi mpya hushusha bei ya gari, na hufunika mchezo wote uliochezwa nalo.

Kwa nini kurasa zinageuka njano na kukatikakatika?

Karatasi ya bei rahisi hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi na kuzalisha asidi, na asidi hukata nyuzi za karatasi kidogo kidogo. Kwanza kingo huwa njano, kisha kahawia, kisha ukurasa unamomonyoka vidoleni. Joto na unyevu huharakisha yote hayo.

Uharibifu uliokwisha kutokea hauwezi kurudishwa nyumbani. Unachoweza ni kuupunguza mwendo:

- Weka komiki mbali na jua na taa kali. Iliyotundikwa ukutani iwe nakala, si ile ya asili. Wino mwekundu na wa njano hufifia upesi kuliko mwingine.
- Chagua chumba cha ndani ambacho watu wanakaa. Darini huwa na joto, na chini ya ardhi huwa na unyevu. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndiyo inayofaa karatasi. Ukizidi sana kuvu huota, ukipungua sana karatasi hukauka ikavunjika.
- Tumia mifuko ya polipropilini, polithini safi, au poliesta. Miwili ya kwanza huchoka ikawa njano baada ya miaka kadhaa na lazima ibadilishwe. Ya poliesta ni ghali lakini hudumu miongo. Mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu kali ya plastiki, usiitumie hata siku moja.
- Nyuma ya komiki weka kadibodi isiyo na asidi, ile iliyotiwa kalsiamu kaboneti. Kadibodi ya kawaida iliyokatwa kwenye boksi ina asidi yake na huihamishia kwenye jalada.
- Zisimamishe wima ndani ya boksi, zikishikana bila kubanana. Zikilala kwa rundo kubwa, za chini hupinda mgongo.

Utepe wa kubandikia nao ni adui. Gundi yake hupenya karatasi ikaacha doa la kahawia ambalo halitoki tena. Ukurasa umechanika? Uache hivyo ndani ya mfuko wake. Kama ni komiki adimu, mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka. Na kupitisha komiki kwenye mashine ya kuifunika kwa plastiki ni kuiua kabisa, kwa sababu joto huiharibu na gundi haitoki tena.

Pini zikishika kutu, punguza unyevu kwanza. Kuzing'oa ni kazi ya mtaalamu, maana karatasi inayozizunguka ndiyo dhaifu kuliko yote.

Komiki au mdoli wa kitambaa ana wadudu. Nifanyeje?

Mtenge na vingine mara moja. Weka ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, ufunge vizuri, kisha uweke kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka urudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utageuka maji juu ya karatasi. Makumbusho hutumia njia hii. Inafaa karatasi na kitambaa. Vichezeo vya plastiki ngumu au vyenye rangi iliyopakwa visiingizwe, huweza kupasuka. Dawa ya kupulizia isikaribie mkusanyiko wako.

Plastiki nyeupe imegeuka njano. Inarudi?

Inaweza kurudi kwa muda. Plastiki ngumu iitwayo ABS huwa njano kwa kupigwa na mwanga na hewa, hasa ile iliyochanganywa kemikali zenye bromini za kuzuia moto. Watu huipaka haidrojeni peroksaidi na kuiweka kwenye jua, na weupe hurudi. Tatizo ni kwamba njano mara nyingi hurejea, na ukizembea plastiki hupata mabaka. Ningeiacha. Kama utafanya, vaa glavu na miwani, na ujaribu kwanza kwenye kipande kisichoonekana.

Mdoli wangu ananata. Kwa nini?

Huyo ni wa PVC laini. Ili plastiki hiyo iwe laini, kiwandani huongezwa kemikali za kulainisha, na miaka inavyokwenda kemikali hizo hutoka juu kama jasho. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mkaushe kwa kitambaa laini. Baada ya miezi atanata tena, utarudia. Asifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kemikali hiyo huhamia kwenye plastiki jirani na kuiyeyusha. Tairi laini la gari lililoachwa miaka mingi juu ya kisanduku cha plastiki ngumu huacha shimo lenye umbo kamili la kashata zake. Waya wa kidhibiti cha mchezo wa video hukwaruza mstari kwenye kasha lake kwa namna ileile, bila mtu kuugusa. Kwa hiyo tenganisha laini na ngumu, na katikati weka karatasi isiyo na asidi.

Kama mdoli ana doa la kijani masikioni, chanzo ni hereni: shaba iliyomo humenyuka na vinili, yaani hiyo PVC. Zitoe leo, uzihifadhi kando kwenye kifuko chenye maelezo.

Betri zimevujia ndani ya kichezeo.

Vaa glavu. Ute mweupe wa betri za alkali ni alkali, kwa hiyo hulainishwa kwa siki nyeupe kidogo kwenye pamba ya masikio. Futa, pitisha pamba yenye spiriti, acha ikauke kabisa. Vipande vya chuma vinavyogusa betri vikiwa na kutu, visugue taratibu kwa karatasi laini ya msasa. Na kuanzia sasa, kitu chochote kinachokaa kabatini kikae bila betri.

Gari langu la chuma linapasuka lenyewe. Nimelikosea nini?

Hujakosea kitu. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa aloi ya zinki kabla ya Vita Kuu ya Pili, zikiwemo Dinky Toys za awali, yalichanganyika na chembe za risasi au uchafu mwingine ndani ya madini. Chuma kinajila kwa ndani, kinavimba, kinapasuka. Hakuna dawa. Liweke pakavu penye joto lisilobadilikabadilika, lipunguze kushikwashikwa, na ulipige picha nzuri pande zote wakati bado lina umbo.

Watoto wangu wanaweza kuvichezea?

Inategemea umri wa kichezeo. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwenye vichezeo mwaka 1978, nchi nyingine kwa nyakati zao. Vichezeo vya bati vilivyopakwa rangi kabla ya hapo visikaribie mdomo wa mtoto, na wewe mwenyewe nawa mikono baada ya kuvishika. Midoli ya seluloidi, ile myepesi mno yenye ganda jembamba, hushika moto kwa kasi ya kutisha: iweke mbali na mshumaa, jiko na taa ya joto. Macho ya dubu wa zamani mara nyingi yameshikwa kwa waya mkali.

Lakini vipo ambavyo ningewapa bila wasiwasi mkubwa, na nafurahi kusema LEGO za miaka ya 1980 na 1990 ni miongoni mwao kwa watoto wakubwa wasiotia vitu mdomoni. Mfumo wa tofali lenye mirija ndani ulisajiliwa Januari 28, 1958, na tofali la mwaka huo bado linashikana na la leo. Yaoshe kwa mkono, maji yasizidi nyuzi 40, uyaanike kwenye taulo kivulini. Vichezeo vichache vinamruhusu mzazi na mtoto kujenga nyumba moja kwa matofali ya enzi mbili.

Vichezeo tulivyojitengenezea wenyewe vinahesabika?

Vinahesabika, tena hivyo ndivyo vinavyonisikitisha zaidi vinapotupwa. Gari la waya, mdoli wa matambara, mpira wa makaratasi, kombeo: hakuna kiwanda kitakachokuuzia kingine. Makumbusho ya The Strong kule Rochester, New York, yenye orodha ya heshima ya vichezeo, iliingiza boksi la kadibodi katika orodha hiyo mwaka 2005, na kijiti cha mti mwaka 2008, vikakaa safu moja na Barbie na LEGO. Vilistahili.

Kama cha kwako kilipotea, kitengeneze tena wakati bado mikono inakumbuka, na uandike ni nani aliyekufundisha, alitumia vifaa gani, na mchezo wenyewe ulichezwaje. Kanuni za mchezo hupotea mapema kuliko kichezeo. Ukimpata rafiki wa wakati ule, mrekodi akieleza.

Nitatambuaje nakala bandia?

Pima ukubwa kwanza. Mwaka 1974 wachapishaji DC walitoa upya Action Comics namba 1 kwa umbo kubwa, takriban sentimita 25 kwa 34, na jalada la ziada likieleza kuwa ni marudio. Jalada hilo la nje likiondolewa, ndani inabaki sura ileile ya 1938, na watu wameuziwa hivyo. Ya asili ni ndogo zaidi, rula ya mwanafunzi inatosha kumaliza ubishi.

Kisha gusa na unuse karatasi. Karatasi ya ndani iliyo nyeupe yenye mng'ao haiwezi kuwa ya miaka ya 1940. Kutu ya pini ipite na kuacha alama kwenye kurasa za jirani; kama pini ni mpya na karatasi ni nzee, kuna mtu amefungua komiki hiyo.

Kwenye vichezeo, silaha ndogo, kofia na vifuniko vya betri ndivyo vinavyoghushiwa sana, kwa sababu ndivyo vilivyopotea sana. Kununua kipuri kipya si vibaya endapo muuzaji amesema ni kipya. Ukikinunua, kitie alama wewe mwenyewe, ili atakayekuja baada yako asidanganyike. Boksi lililofungwa upya lichunguze kwenye gundi: gundi ya zamani huwa imekauka na kubadilika rangi.

Nipeleke komiki zangu zikapimwe daraja?

Kampuni za kupima, ikiwemo CGC iliyoanza mwaka 2000, huipa komiki alama kati ya 0.5 na 10 kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Kwa komiki ya thamani kubwa inayokwenda kuuzwa, inafaa, kwani mnunuzi wa mbali hupata uhakika, na matengenezo yaliyofichwa hugunduliwa. Kwa komiki yako ya utotoni, hapana. Haitafunguka tena bila kuvunja kasha, na utabaki ukitazama jalada la hadithi usiyoweza kuisoma.

Ninanunua kwa mtu wa mbali. Niulize nini?

Omba picha za mbele, nyuma, mgongo, na ukurasa wa katikati, zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana. Kwa kichezeo, omba picha ya sehemu ya betri ikiwa wazi na ya alama za mtengenezaji. Uliza kama kimewahi kupakwa rangi, kubandikwa au kusafishwa kwa kemikali, na kama nyumba ina moshi wa sigara, maana harufu hiyo haitoki kwenye karatasi. Muuzaji mkweli hujibu upesi. Anayekuharakisha ulipe kabla ya kukujibu, mwache.

Kiko kwenye boksi lake, hakijawahi kufunguliwa. Nifungue?

Kama ulikinunua ili ukishike, kifungue. Kwa uangalifu: pasha gundi kwa mvuke wa mbali au tumia wembe mwembamba kwenye mkunjo, na utunze boksi, kadibodi, karatasi ya maelekezo, hata vifungio vya waya, kila kimoja. Bei itashuka papo hapo na haitarudi, kwa hiyo uwe umeridhika kabla hujaanza. Kama ni kimoja kati ya vichache sana vilivyobakia duniani, tafuta kingine kilichofunguliwa cha kuchezea, hicho ukiache kilivyo. Ila usidhani boksi lililofungwa linalinda. Mpira hukauka humo humo, gundi huachia, na PVC hutoa jasho lake ndani ya plastiki isiyo na pa kutokea hewa. Kichungulie kila mwaka.

Familia yangu itajuaje cha kufanya na vitu hivi baadaye?

Tengeneza daftari. Kila kitu kipewe namba, picha, jina, mwaka unaoaminika, kilikotoka, na sentensi mbili tatu za kwa nini unacho. Namba iandikwe kwenye kifuko au kikaratasi cha kufungia, kamwe si kwenye kitu chenyewe. Onyesha wazi vipi vina bei sokoni ili visigawiwe bila kujua, na vipi ni vya moyo tu. Tenga vile unavyotaka viende kwa mtu fulani, na umwambie mwenyewe ungali upo, umwonyeshe na jinsi ya kuvitunza. Daftari likae pamoja na mkusanyiko, na nakala yake kwa mtu mmoja unayemwamini.